Nukta, Kistari na Nafasi: Ndege za Vita vya Katanga na Majina Yao

Septemba 1961, anga ya Katanga, jimbo la Kongo lililokuwa limejitenga, ilikuwa mali ya ndege moja. Ilikuwa ndege ndogo ya mafunzo, ya Kifaransa, mkia wake umekatwa kama herufi V, na alama yake ya utambulisho ilikuwa KAT-93. Ikitokea Kolwezi, iliwapiga askari wa Ireland wa Umoja wa Mataifa waliozingirwa Jadotville, yaani Likasi ya leo, na ikashambulia viwanja vya ndege vya Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, na Kamina. Umoja wa Mataifa haukuwa na hata ndege moja ya kivita ya kuijibu. Watu waliiita kwa neno moja tu: Fouga.

Fouga ni jina la kiwanda, na kiwanda chenyewe kilianzia kwenye mabehewa ya reli. Jina kamili la ndege ile ni Fouga CM.170 Magister. Kwanza anatajwa mtengenezaji, halafu alama ya aina, mwisho jina la kupewa. CM ni Castello na Mauboussin, wahandisi wawili walioichora. Nukta inayofuata haikuwekwa kwa bahati mbaya: ndivyo viwanda vingi vya Ufaransa vilivyoandika wakati huo, na de Havilland wa Uingereza pia, ambaye DH.104 Dove yake ilitumiwa na jeshi la anga la Moïse Tshombe, kiongozi wa Katanga. Ukiandika CM-170, umeivalisha ndege ya Kifaransa kofia ya Kimarekani.

Ama KAT-93, hiyo haikuwa jina la aina bali namba ya ndege moja mahususi. Fouga tatu zilifika Katanga Februari 1961, na kufikia Septemba ni moja tu iliyokuwa bado inapigana. Herufi KAT zilikuwa siasa iliyopakwa rangi. Enzi za Ubelgiji ndege za Kongo zilisajiliwa kwa OO-C. Baada ya uhuru ikaja 9O-, kisha 9Q- tuliyo nayo hadi leo. Hakuna taifa lililoitambua Katanga ya Tshombe, na KAT haikuwahi kuingia katika orodha ya kimataifa ya alama za usajili.

Umoja wa Mataifa ulipopata ndege za kivita, kuanzia Oktoba 1961, kila nchi ilikuja na uandishi wake. Wasweden walileta J 29B. Hapo pana nafasi, hapana kistari. J ni ndege ya kuwinda ndege nyingine. Baadaye walileta pia S 29C, ndege ileile ya Saab waliyoibatiza Tunnan, yaani pipa, lakini S ni ya upelelezi: ya kwanza inapiga risasi, ya pili inapiga picha. Wahabeshi walikuja na F-86F Sabre. Huo ni mtindo wa Kimarekani, ambao kistari hutenganisha kazi na namba ya muundo. F ya mwanzo ni ndege ya kivita na F ya mwisho ni toleo, herufi moja yenye kazi mbili ndani ya jina moja. Wahindi walikuja na Canberra B(I)58, jina la kumchosha mpanga chapa yeyote. B ni ya kudondosha mabomu, na I iliyo ndani ya mabano inaonyesha kazi ya ziada ya kukata njia za adui. 58 ni 8 ya Waingereza iliyoongezewa 50, kama Wahindi walivyofanya kwa Canberra zao.

Desemba 1962 na Januari 1963 ndege hizo za Umoja wa Mataifa, hasa za Wasweden, ziliimaliza nguvu ya anga ya Katanga, nyingi zikiwa bado chini uwanjani Kolwezi.

Kama ungedhani haya ni mambo ya wahariri wasio na kazi, tazama Ndola, katika Zambia ya leo. Usiku wa kuamkia 18 Septemba 1961, ndege iliyombeba Katibu Mkuu Dag Hammarskjöld, akienda kuzungumza na Tshombe, ilianguka karibu na mji huo. Watu wote 16 waliokuwemo walipoteza maisha, mmoja wao siku chache baadaye hospitalini. Ilikuwa Douglas DC-6B, na hiyo B isiachwe, kwa sababu DC-6A ilijengwa kwa mizigo. SE-BDY ni usajili wake wa Sweden. "Albertina" lilikuwa jina la ndege ile peke yake, ndiyo maana linawekewa alama za kunukuu au mlazo, ilhali Magister, jina la aina nzima, haliwekewi.

Mohamed Chande Othman, Jaji Mkuu mstaafu wa Tanzania, amekuwa akiuchunguza upya mkasa huo kwa niaba ya Umoja wa Mataifa tangu 2015. Ameandika kwamba yawezekana shambulio au tishio kutoka nje lilichangia ajali hiyo. Kwa miaka mingi aliyeshukiwa alikuwa Fouga, lakini uchunguzi umeitazama pia Dornier Do 28, aina nyingine waliyokuwa nayo Wakatanga. Wajerumani huandika herufi mbili za kiwanda, nafasi, kisha namba. Ukikosea tarakimu moja ukaandika Do 27, msomaji anaona ndege ya injini moja badala ya mbili, na hoja yote ya mwendo na mzigo inabadilika.

Marekani yenyewe ilichoshwa na vurugu hizi. Jeshi la anga liliiita DC-3 ya kijeshi C-47, jeshi la majini likaiita R4D, na Waingereza Dakota. Tarehe 18 Septemba 1962, mwaka mmoja kamili baada ya Ndola, mfumo mmoja ulianza kwa majeshi yote, na R4D ikawa C-47.

Magazeti yetu hayajafika huko. Ndege ikianguka, tunasoma "AN26" na "Airbus A-320". Sahihi ni An-26, n ndogo kwa sababu ni kifupi cha Antonov, na A320 bila kistari. Boeing 737 huachiwa nafasi.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, ikiwa nyumbani kwenu kuna picha ya uwanja wa ndege wa Luano, Elisabethville, ya miaka ya 1960 hadi 1963, isome alama ya mkiani kwa kioo cha kukuza, inakili kama ilivyo, nukta kwa nukta na kistari kwa kistari, na uandike nyuma ya picha mwaka na mahali kabla ya kuipeleka popote.