Ufunguo wa Nyumba Yangu Anao Nani?

Nimekuwa kimya kidogo kwa sababu ya shughuli za kuhama. Naam, nimenunua nyumba! Ni nyumba kuukuu ya vyumba viwili, nje kidogo ya Nairobi, na mkopo wake nitaulipa hadi mvi zinitoke. Siku ya kukabidhiwa nilipewa funguo tatu kwenye bahasha, nikatia sahihi, nikajiona mwenye mali.

Jioni ile jirani yangu, mama wa makamo, akaja kunikaribisha.

"Mwanangu, mimi pia ninao ufunguo wa hapo," akasema. "Waliokaa kabla yako waliniachia, mtoto wao akitoka shule mapema aweze kuingia."

Akanipa. Nilimshukuru sana, lakini usiku usingizi haukuja. Kama mama huyu mwema alikuwa nao, ni nani mwingine anao? Fundi wa rangi? Dalali? Mpangaji wa miaka ile?

Mimi nikikosa usingizi husoma. Basi nikasoma historia ya kufuli, nikakuta kumbe ni historia yetu sisi watu wa kompyuta.

Mwaka 1784 fundi Mwingereza Joseph Bramah alipata hataza ya kufuli yake. Baadaye moja iliwekwa kwenye dirisha la duka lake mtaa wa Piccadilly, London, pamoja na tangazo: atakayeifungua bila ufunguo wake atapewa gini 200. Mwaka 1818 Jeremiah Chubb naye akaleta kitasa kilichokwama mtu akikichokonoa, ili mwenyewe akija na ufunguo ajue kuwa kuna aliyejaribu. Hebu fikiria, ni kama benki inavyofunga akaunti yako ukikosea nywila mara kadhaa!

Waingereza wakalala fofofo. Kisha mwaka 1851, wakati wa Maonyesho Makuu ya London, akafika fundi Mmarekani, Alfred Charles Hobbs. Kitasa cha Chubb alikifungua mbele ya mashahidi kwa dakika 25 tu. Kufuli ya Bramah ilimchukua saa 51, alizozigawa katika siku 16, lakini ilifunguka. Gini 200 akazichukua.

Watu wakalalamika: huyu anafundisha wezi! Hobbs alishikilia kwamba wezi wanaijua kazi yao tayari. Asiyejua ni mwenye nyumba. Mabishano hayo tunayo hadi leo, kila mtu anapotangaza tundu la usalama katika programu. Mwaka 1883 Auguste Kerckhoffs akaandika, kuhusu maandishi ya siri, kwamba mfumo usitegemee kufichwa kwa namna ulivyoundwa. Adui aujue wote. Siri ibaki kwenye ufunguo.

Na mwaka 2003 mtaalamu wa kompyuta Matt Blaze aligeukia milango yenyewe. Alieleza jinsi mtu mwenye ufunguo wa mlango mmoja wa jengo, na vipande vichache vya funguo visivyochongwa, anavyoweza kujichongea ufunguo mkuu unaofungua milango yote. Mafundi wa kufuli wakakasirika kama mwaka 1851.

Sasa turudi kwangu. Hobbs alihitaji saa 51. Mwenye nakala ya ufunguo anahitaji sekunde mbili. Kufuli ya Bramah, ya Chubb, ya yeyote yule, haiwezi kumtambua mtu. Inautambua ufunguo tu. Kununua nyumba na kuacha kufuli za zamani ni kama kukabidhiwa seva na kuendelea kutumia nywila za waliokutangulia.

Bahati nzuri kulikuwa na Mmarekani mwingine, Linus Yale Mdogo. Kwa hataza zake za mwaka 1861 na 1865 alichukua kanuni ya kale ya vipini, iliyojulikana kwenye makomeo ya mbao ya Misri, akaitia ndani ya silinda ndogo ya chuma. Ufunguo sahihi huinua kila kipini hadi kimo chake, na silinda huzunguka. Kwa hiyo huhitaji kung'oa mlango. Fundi hubadilisha silinda, au hata vipini tu, na funguo zote za zamani hugeuka vyuma chakavu.

Ndivyo nilivyofanya Jumamosi. Mlango wa mbele, silinda mpya. Mlango wa jikoni una kitasa cha leva, hicho nilikibadilisha chote. Geti, kufuli mpya. Ilikuwa kazi ya asubuhi moja. Nikazihesabu funguo za mlango wa mbele: nne.

Mmoja nilimpelekea mama jirani. Akacheka, "Si ulichukua wako juzi tu?"

"Ule haukuwa wangu, Mama," nikamjibu. "Huu ndio nimekupa mimi."

Na wewe uliyehamia juzi, ufunguo wako anao nani?