Masega tuliyoyauza

Wadau, juzi nilikuwa Ruanda, Mbinga, barabara ya malori ya makaa ya mawe ya Ngaka. Taksi niliyopanda inanguruma kama trekta. Nikauliza, vipi tena? Dereva akacheka: "Masega nilishauza, kaka. Si yanabana tu moshi!"

Hayabani, yanausafisha. Miaka ya 1950 Eugene Houdry, mhandisi Mfaransa aliyehamia Marekani, alihangaika kutafuta dawa ya moshi wa magari.

Masega ya leo hutengenezwa hivi: kigae chenye matundu huchovywa kwenye uji wa alumina, kikakaushwa na kuchomwa. Alumina hubaki na vitundu visivyoonekana kwa macho. Gramu moja tu ina uso wa zaidi ya mita za mraba 100. Humo hutiwa chembe za platinamu. Kisha hujaribiwa: hupashwa moto, gesi ikapitishwa, kinachotoka kikapimwa. Kaboni monoksidi, ile inayoua watu waliolala na jiko la mkaa, hukutana humo na oksijeni ikawa kaboni dayoksidi.

Tatizo lilikuwa risasi kwenye petroli: iliziba vitundu. Houdry alifariki 1962. Magari ya Marekani yalianza kuwekewa masega kwa wingi 1975, kwa petroli isiyo na risasi. Sisi kusini mwa Sahara tulisubiri hadi 2006 kuiaga risasi.

Yaani petroli inayofaa imefika, masega tumeng'oa! Na moshi tunavuta wenyewe. La kwako bado lipo?