Miaka 27 na Nikeli Yenye Vitundu

Wasee, nimechoka kusikia ati mwanafunzi anayetafiti seli za haidrojeni anapoteza muda, juu kama zingefanya kazi zingekuwa kila mahali. Someni historia kwanza.

William Grove, wakili kutoka Wales, alionyesha mwaka 1842 kwamba haidrojeni na oksijeni zikikutana kwenye platini ndani ya asidi, unapata stima na maji. Moshi hakuna. Lakini stima yenyewe ilikuwa kidogo sana. Gesi, asidi na chuma lazima vigusane mahali pamoja, na kwake pale palikuwa mstari mwembamba tu.

Injinia Mwingereza, Francis Thomas Bacon, akaanza na hiyo shida 1932. Akaacha platini na asidi, akaweka alkali, joto, presha, na nikeli yenye vitundu vidogo vidogo ili gesi iguse sehemu nyingi zaidi. Kazini waliambia huyo jamaa aache majaribio ama aende. Akaenda! Nikeli ikapata kutu, naye akaendelea. Mwaka 1959 mtambo wake ukatoa kilowati 5. Wamarekani wakauboresha, ukawapa wanaanga wa Apollo stima na maji ya kunywa.

Miaka 27, na sehemu kubwa ni vitundu na kutu. Kwa hivyo mwanafunzi akiniambia ameongeza asilimia 2, mimi simcheki. Nitamuuliza tu haidrojeni yake imetoka wapi, juu nyingi duniani bado inatolewa kwenye gesi asilia, na hapo moshi umehamishwa tu.