Kununua Injini ya Mtumba Kutoka Japani: Hukumu Yake na Haki za Mnunuzi



Injini ya gari ikifa, familia nyingi za Unguja na Pemba hazimudu kununua mpya. Hutafuta ya mtumba: injini iliyotolewa kwenye gari lililokatwa Japani, ikasafirishwa kwa kontena moja kwa moja au kupitia Sharjah, kisha ikauzwa Dar es Salaam au hapa visiwani. Mara nyingi gari hilo ndilo riziki ya nyumba: Noah ya kupeleka wanafunzi, Hiace ya abiria, Vitz ya kukodisha. Pesa inayotoka ni akiba ya muda mrefu au deni la jamaa. Ndiyo maana tumekusanya hapa mambo ambayo mnunuzi na muuzaji wanapaswa kuyajua kabla ya kupeana mkono.

Je, inajuzu kununua kitu ambacho ndani yake hakionekani?

Asili ya biashara ni halali maadamu pande mbili zimeridhiana. Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa aalihi wa sallam) amekataza biashara ya gharar, yaani yenye kutojulikana kunakoleta hasara na ugomvi, kama ilivyopokewa na Muslim. Lakini Maulamaa wameeleza kuwa kutojulikana kidogo kusikoepukika kunasamehewa. Imaam An-Nawawiy ametoa mfano wa nyumba: huuzwa ingawa msingi wake hauonekani.

Injini iko karibu na mfano huo. Hatulazimiki kuifungua yote ndipo iuzwe. Kinachotakiwa ni kujulikana aina yake (kwa mfano 1NZ-FE au 3S-FE), namba yake, bei yake, na vinavyokwenda nayo: alteneta, stata, nozeli, giaboksi, kompyuta ya gari na waya zake. Ugomvi mwingi huanzia hapa, kwa sababu mmoja alidhani stata imo na mwengine alihesabu injini tupu.

Wajibu wa muuzaji

Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa aalihi wa sallam) alipita sokoni akaingiza mkono katika lundo la chakula, vidole vikakuta umajimaji ndani. Akamuuliza mwenyewe kwa nini hakuuweka juu watu wauone, kisha akajitenga na mwenye kughushi. Hadiyth hii imo katika Swahiyh Muslim.

Kuiosha injini na kuipaka rangi si haramu kwa chenyewe. Kupaka rangi ili kuficha ufa wa bloku au alama ya kuvuja ni kulekule kuficha chakula kilichorowa. Kutia oili nzito ili moshi usionekane siku ya majaribio kunafanana na kumfunga mnyama chuchu ili maziwa yajae, jambo ambalo Mtume amelikataza na akampa mnunuzi hiari ya kumbakisha mnyama au kumrudisha.

Vilevile muuzaji asiseme, "Hii imetembea kilomita elfu sitini tu." Mita ya kilomita hubaki kwenye dashibodi ya gari lililokatwa. Bila ya karatasi za gari hilo, maneno hayo ni kusema bila ya elimu, na akiyaapia dhambi huongezeka.

"Ukishatoka dukani hakuna kurudisha"

Sharti hili huandikwa kwenye risiti nyingi. Katika madhehebu ya Imaam Ash-Shaafi'iy, yanayofuatwa na wengi wa watu wa visiwani, kauli yenye nguvu ni kwamba muuzaji akishurutisha kutobeba dhamana ya kasoro, sharti humwokoa katika kasoro ya ndani ya mnyama ambayo hakuijua tu. Injini si mnyama, kwa hiyo haki ya kurudisha kwa kasoro ya zamani inabaki. Mahanafi wameliruhusu sharti hilo. Ama kasoro anayoijua muuzaji, ni wajibu wake kuibainisha, risiti iandikwe vyovyote.

Siku tatu, na safari ya bahari

Hiari ya sharti, yaani makubaliano ya kujaribu na kurudisha bila ya sababu, haizidi siku tatu kwa Mashaafi'iy. Mahanbali wameruhusu muda mrefu zaidi ukiwa unajulikana. Anayenunua Dar es Salaam na kuishi Pemba anaweza kumaliza siku tatu kabla injini haijafungwa kwenye gari. Kwa hiyo ni bora injini iwashwe na kupimwa huko huko kabla ya kupakiwa, au muuzaji akubali kwa maandishi muda maalumu wenye tarehe ya mwisho.

Hata muda huo ukipita, haki ya kurudisha kwa kasoro haikufa. Kasoro iliyokuwepo kabla ya kukabidhiwa ina hukumu yake, lakini kwa Mashaafi'iy lazima mnunuzi aseme mara tu anapoijua na aache kuitumia. Mwenye kuona moshi wa buluu akaendelea kubeba abiria wiki mbili amejipotezea haki yake. Kama muuzaji yuko mbali, amjulishe mara moja na aweke mashahidi.

Msiifungue kabla ya kuipima

Mafakihi wamejadili mwenye kununua nazi, akaivunja, akaikuta mbovu. Wakasema: ikiwa kasoro haijulikani ila kwa kuvunja, ana haki ya kurudisha, na kwa kauli yenye nguvu halipi chochote kwa kuvunja huko. Lakini ikiwa ingeweza kujulikana kwa chini ya hapo, uharibifu uliozidi unahesabiwa juu yake, na hapo hawezi tena kumlazimisha muuzaji aipokee.

Tukilinganisha, fundi anayekimbilia kufungua silinda hedi anaweza kumpotezea tajiri wake haki ya kurudisha. Aanze na yasiyoharibu:

1. Aizungushe kwa mkono; isikwame wala kugonga.
2. Afungue kifuniko cha oili. Oili ya rangi ya chai ya maziwa ni dalili ya maji kuingia.
3. Atoe plagi azitazame, kisha apime mgandamizo wa kila silinda. Tofauti kubwa baina ya silinda na silinda ni dalili mbaya.
4. Iwashwe mpaka ipate moto. Moshi wa buluu ni oili inayoungua. Moshi mweupe mzito usiokatika huenda ni maji.

Kila hatua ipigwe picha, na namba ya injini ionekane.

Cha juu cha fundi

Fundi anayetumwa kununua ni wakili. Akikubaliana na dukani bei iongezwe ili apewe cha juu kwa siri, hiyo ni khiyana, na pesa hiyo ni haki ya mwenye gari. Njia ya halali ni nyepesi: ataje ujira wake mapema, na tajiri amlipe bila ya kumchelewesha.

Kabla ya kulipa

Ombeni risiti yenye namba ya injini, na karatasi za kuingizia mzigo zikiwepo. Bei ikiwa ndogo kupita kiasi na muuzaji hataki kuandika namba, kaeni mbali nayo, kwani haijuzu kununua mali inayodhaniwa kuwa ya wizi. Mkilipa kwa awamu, bei iwe moja iliyokatwa tangu mwanzo. Kuongeza pesa kwa sababu ya kuchelewa ni riba. Deni liandikwe, kama Alivyoamrisha Allaah katika Suwrah Al-Baqarah, Aayah ya 282. Baada ya kuifunga, namba mpya ipelekwe kwa wasajili wa vyombo vya moto ili ilingane na kadi.

Mkikhitalifiana, mwiteni fundi asiye na upande aseme kama kasoro ni ya zamani au ya baada ya kukabidhiwa, kisha muulizeni mwenye elimu ya fiqhi ya biashara. Fundi anajua injini na shekhe anajua hukumu. Kila mmoja anamhitaji mwenzake.

Na Allaah Anajua zaidi.