Nani aliandika yaliyotupata? ONU, korti, na sisi tuliorudi Lubero



Mu mkutano wetu uliopita, mama mmoja alisimama akauliza swali lililonyamazisha watu. "Tangu niko msichana wanatuandika. ONU wanaandika, mashirika yanaandika, na ninyi munaandika. Hizi kaye zote ziliendaka wapi?" Sisi tunaofanya kazi ya tereni tulitazamana. Mama alikuwa na haki ya kuuliza. Hapa tunajaribu kumjibu, na jibu linapitia historia yetu wenyewe.

Mwezi wa nne, 1998

Mwaka 1994 Tume ya Haki za Binadamu ya ONU ilimchagua Roberto Garretón, mwanasheria wa Chile, afuate hali ya haki za binadamu ku Zaïre. Mwaka 1997, vita ya AFDL ilipokwisha, Katibu Mkuu Kofi Annan alituma kikundi cha wachunguzi juu ya mauaji yaliyofuatana na ile vita. Serikali mpya ya Kinshasa iliwazuia kila upande, mpaka Annan akawaondoa. Ilikuwa Aprili 1998.

Mwezi uleule, ku Butembo, Mayi-Mayi walishambulia mji, na baadaye askari wakaua raia mamia mu kambi ya Kikyo. Wazee wa Butembo hawahitaji kuelezwa. Lakini tuangalie hizo tarehe mbili pamoja: wachunguzi walikuwa wanafunga mizigo wakati sisi tulihitaji mtu wa kuandika.

Kikyo haikupotea hata hivyo. Tarehe 1 Oktoba 2010 ONU ilitoa Ripoti ya Mapping, yenye visa 617 vya uvunjaji mkubwa wa haki vilivyotokea Kongo nzima kati ya Machi 1993 na Juni 2003. Kikyo imo. Ilichukua miaka 12, na iliwezekana sababu watu wa hapa walikuwa wamehifadhi majina na ushuhuda kimyakimya, mu parokia, mu vyama, mu masanduku ya nyumbani.

Kofia za buluu

Vita ya pili ilianza Agosti 1998. Jeshi la Uganda likakaa Beni na Butembo, RCD ikagawanyika, na Lubero ikawa mpaka kati ya wakubwa wa Goma na wakubwa wa Beni. Baada ya mapatano ya Lusaka, ONU iliunda MONUC tarehe 30 Novemba 1999. Mwanzoni ilikuwa ya kuchunga kusimamishwa kwa vita. Mwaka 2000, azimio 1291 liliipa ruhusa ya kulinda raia walio katika hatari ya haraka, lakini likaongeza: pale inapoweza. Hilo neno dogo tumeishi nalo zaidi ya miaka 20.

Kuna mara iliweza. Desemba 2004, askari wa serikali walipopigana wao kwa wao upande wa Kanyabayonga na watu wakajaa barabarani, MONUC iliweka ukanda wa usalama wa kilomita 10 katikati yao. Msaada ukapita, watu wakapata pa kupumua.

Kuna mara haikuweza. Aprili 2009, wakati wa operesheni Kimia II, FDLR waliingia Luofu usiku, wakachoma nyumba, watoto wakaungua ndani. Operesheni hiyo ilikuwa ya jeshi letu, na MONUC iliisaidia kwa chakula, mafuta na usafiri. Watu wakauliza: je, ONU inaweza kulisha jeshi linalotesa raia? Desemba ya mwaka ule, azimio 1906 lilisema msaada utolewe tu kwa operesheni zinazoheshimu sheria za vita na haki za binadamu. Mwaka 2011 kanuni hiyo ilipanuliwa kwa ONU yote, popote inaposaidia majeshi. Wengi wetu hatujui kwamba mateso ya Kivu yalisaidia kuzaa sheria inayofuatwa mpaka nchi za mbali.

Tena mwaka 2008 ilizaliwa ofisi ya pamoja ya haki za binadamu, BCNUDH, iliyounganisha watu wa MONUC na wa Ofisi ya Haki za Binadamu ya Genève. Hao hawabebi bunduki. Wanabeba kaye.

Beni, na hasira yetu

Oktoba 2014 mauaji yalianza pande za Beni, na hayajakwisha. MONUC ilikuwa imekwisha kuitwa MONUSCO. Tangu 2013 ilikuwa na brigadi ya kushambulia, yenye askari wa Tanzania, Afrika Kusini na Malawi. Tusiwasahau: tarehe 7 Desemba 2017, ku Semuliki, Watanzania 15 walikufa mu usiku mmoja.

Lakini panga ziliendelea. Novemba 2019 vijana wa Beni waliingia kambi ya MONUSCO ya Boikene. Julai 2022 hasira ilifika Butembo: askari mmoja na polisi wawili wa ONU waliuawa, na raia pia walikufa. Mwezi uliofuata MONUSCO ikaondoka Butembo.

Mu chama chetu kuna walioandamana ile siku, na kuna waliofunga milango. Hatuandiki hapa kuwahukumu. Tunasema tu yaliyofuata: mwaka 2024 mauaji ya ADF yalisambaa mu Lubero, upande wa Bapere, na Juni uleule M23 ikachukua Kanyabayonga. Wengi wetu tuliokuwa tumerudi tukakimbia tena, godoro kichwani, na maharagi yakabaki shambani. Kulaumu mlinzi aliyelala ni haki yetu. Kumfukuza hakukutuletea mwingine.

Korti zinataka nini

Sasa turudi kwa kaye za mama.

Korti ya Kimataifa ya La Haye, CPI, ilifungua uchunguzi juu ya Kongo mwaka 2004. Imewahukumu Lubanga, Katanga na Ntaganda, wote kwa makosa ya Ituri. Juu ya mabaya ya FDLR mu Kivu mwaka 2009, Callixte Mbarushimana alikamatwa Paris, lakini Desemba 2011 majaji wengi walisema ushahidi hautoshi, na akaachiliwa. Oktoba 2024 mwendesha mashtaka alisema anaamsha tena uchunguzi, akiangalia hasa Kivu ya Kaskazini tangu Januari 2022.

Korti nyingine ya La Haye, ile inayoamua kesi za nchi kwa nchi, ilisema mwaka 2005 kwamba Uganda ilivunja sheria mu Kongo. Kinshasa iliomba fidia ya zaidi ya dola bilioni 11. Tarehe 9 Februari 2022 korti ikatoa milioni 325: milioni 225 kwa watu, 40 kwa mali, 60 kwa utajiri wa asili. Sababu moja kubwa ya tofauti hiyo ni ushahidi. Kwa mambo mengi Kongo ilileta madai bila vitu vya kuyathibitisha, na majaji wakategemea sana ripoti za ONU, hasa ile ya Mapping. Sasa kuna mfuko wa serikali, FRIVAO, wenye makao Kisangani, wa kugawia wahanga hizo pesa.

Basi, mama yetu, hapo njo kaye ziliendaka. Nyingine zilipotea. Nyingine ziligeuka jetoni ya unga na mafuta, zikaisha. Lakini zile zilizoandikwa vizuri na kuhifadhiwa zilisimama mbele ya majaji wakati sisi hatukuwa na nauli ya kufika.

Tunachopendekeza

Kamati inaomba tuwe na kitabu chetu wenyewe. Kila familia iandike tarehe iliyokimbia, kijiji ilichotoka, waliokufa, nyumba, shamba na mipaka yake, mifugo. Kitatusaidia hata hapa nyumbani, sababu wengi wamerudi na kukuta mtu mwingine analima shamba lao.

Tunajua woga wenu. Orodha ya majina ikianguka mikononi mwa watu wabaya inaweza kuua. Kwa hiyo hakuna atakayelazimishwa. Majina ya familia yatakaa kwenye karatasi moja na maelezo kwenye nyingine, mahali mbalimbali. Hakuna kupiga picha za kitabu kwa simu. Hakuna kuandika jina la jirani kama mwuaji kwa kusikia tu. Na mtu akitaka kufuta maneno yake, yatafutwa.

Kwa wafadhili wetu: hatuombi gari wala ofisi. Tunaomba masanduku mawili ya chuma yenye kufuli, kaye ngumu, na posho ya mtu wa kutufundisha kuandika ushuhuda bila kumwumiza anayesimulia.

Jambo hili litapigiwa kura mu mkutano ujao. Mama aliyeuliza swali tumemwomba akae mbele. Kama atasema hapana, tutamsikiliza kwanza, kisha ndipo tutafungua kitabu au tutakiacha.

Kamati ya tereni