Nguo Iliyoota Uani

Mwanafunzi wangu, umwonapo bibi harusi wa Gisenyi ndani ya umushanana unaong'aa, usidhani hilo ndilo vazi kongwe la Rwanda. Kabla vitambaa vya kigeni havijaenea, wazee walivaa impuzu, nguo ya gome la umuvumu, mti uleule uliopandwa kuzungushia nyua. Gome lilibanduliwa, likapondwa kwa nyundo ya mti hadi likatanuka na kulainika. Mti haukufa, uliota gome jingine.

Baganda wangali na ufundi huo, uliotambuliwa na UNESCO mwaka 2005, na leo huushonea hata mikoba na kofia. Hapa kwetu, ushuru wa mitumba ulipopandishwa mwaka 2016, tulinung'unika sana, nami nikiwamo. Sikumsikia hata mmoja akiutaja umuvumu.