Mimea ya Uwanda wa Makonde na Walioikusanya

Somo letu la leo ni historia ya elimu ya mimea huko Masasi na Newala.

Anayetoka Masasi kwenda Newala huviacha vile vilima vya mawe nyuma yake, akapanda ukingo mrefu mpaka juu ya Uwanda wa Makonde. Huko juu maji ni ya shida, maana mvua ikinyesha mchanga huimeza. Zamani akina mama walishuka mabondeni kuteka maji, wakapanda tena na mitungi kichwani. Hata hivyo, mchanga huo huotesha kichaka kinene ajabu, miti midogo na mimea itambaayo imesongamana hata mtu hapenyi.

Wa kwanza kuijua mimea hiyo walikuwa wenyeji. Walijua mti wa dawa, mti wa kujengea, na mpingo wa kuchonga. Mzee alimfundisha mtoto kwa mdomo, wala hapakuwa na kitabu.

Mwanzoni mwa karne ya 20, wakati wa utawala wa Wajerumani, mtaalamu Walter Busse alikusanya mimea ya uwanda huo, akaikausha na kuipeleka Berlin. Baadaye, mwaka 1945, Clement Gillman aliandika juu ya kilimo cha Makonde: jinsi wakulima walivyofyeka kichaka, wakalima miaka michache, kisha wakaiacha ardhi ipumzike mpaka kichaka kirudi. Kuchunguza mambo kama hayo, yaani jinsi udongo, mimea, wanyama na watu wanavyotegemeana, ndiko kunakoitwa ikolojia.

Elimu ya pili ni sistematiki, yaani kuwapanga viumbe katika jamaa zao na kuwapa majina. Kila jina hufungwa kwenye mmea mmoja mkavu uliowekwa katika hebaria, nyumba ya kuhifadhia mimea. Mmea huo ndio shahidi. Wataalamu wakibishana, huenda kumtazama shahidi.

Sasa sikilizeni. Usiku wa tarehe 1 Machi 1943, wakati wa Vita Kuu ya Pili, hebaria ya Berlin ilipigwa mabomu ikaungua. Mimea mingi iliyotoka kwetu iliteketea. Zilisalia nakala zilizokuwa zimepelekwa miji mingine, lakini majina mengine yalibaki bila shahidi wake wa kwanza. Dawa yake mojawapo ni kurudi kichakani na kukusanya upya.

Nani atarudi? Chuo Kikuu huko Dar es Salaam kilianza mwaka 1961 na wanafunzi 14 wa sheria. Masomo ya sayansi yalianza mwaka 1965, na mwaka 1970 kikawa chuo kikuu cha taifa. Leo kina hebaria yake, na kijana wa Newala aweza kusomea huko shahada ya pili ya elimu ya mimea. Hupima kipande cha kichaka, huhesabu kila mti, hukausha majani na maua, kisha huyalinganisha na kitabu kikubwa cha mimea ya Afrika Mashariki, kilichoanza kutolewa mwaka 1952 na kumalizika mwaka 2012, chenye aina zaidi ya 12,000.

Lakini kitabu hakitoshi. Mahali pengi mikorosho imeshika nafasi ya kichaka, na wazee wanaojua majina wanapungua. Msomi asiye na mzee hupotea kichakani, na mzee asiye na mwandishi huzikwa na elimu yake. Berlin iliunguza karatasi kwa usiku mmoja. Sisi twaweza kupoteza zaidi ya hizo polepole, bila kusikia kishindo.

Maswali ya kuzungumza kikundini:

1. Ni mimea gani mliyoijua utotoni ambayo siku hizi haionekani?
2. Ni nani kijijini kwenu anayejua majina yake?
3. Nani atayaandika?

Kwaherini, mpaka somo lijalo.